Tathmini ya NVDA: kuisikiliza tovuti ya Kiswahili kabla ya kuikabidhi

Washa NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, fungua tovuti ya Kiswahili iliyotengenezwa juzi, kisha iache isome. Mara nyingi sekunde kumi zinatosha. Ukurasa unasema "Pole, hakuna matokeo", na sauti inatamka "pole" kama Mwingereza anayetaja mlingoti wa bendera. Wilaya ya Same inageuka neno la Kiingereza lenye maana ya "ileile". "Jina la mke wake" linaishia na Kiingereza cha "amka". Kwa macho ukurasa ni safi, rangi zimepangika, na Lighthouse, kipimo cha tovuti kilichomo ndani ya Chrome, imeupa alama 100 za ufikivu, yaani urahisi wa kutumiwa na watu wenye ulemavu.

Hiyo peke yake inatosha kuipa NVDA nafasi kwenye kompyuta ya kila mtengeneza tovuti, hata asiye na rafiki wala ndugu asiyeona. Tathmini hii inaipima kama kifaa cha kupimia tovuti, si kama msaidizi wa kila siku wa mtu asiyeona; hao wanaijua kuliko sisi sote.

NVDA ni programu ya kusoma skrini ya Windows. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana naye James Teh; wote wawili hawaoni. Ni ya bure kabisa na msimbo wake uko wazi. Shirika lao, NV Access, linakuomba mchango wakati wa kupakua, na unaweza kuruka hatua hiyo bila kunyimwa chochote. Mshindani wake mkubwa, JAWS, ni wa kulipia; usipokuwa na leseni unapewa dakika 40, kisha uwashe kompyuta upya. Kwa mtu anayetaka kupima fomu mbili tatu kwa wiki, gharama hiyo haina maana.

Kompyuta yenye Windows 10 au 11 haina shida. Tangu toleo la 2024.1, Windows 7 imeachwa, kwa hiyo mwenye mashine ya zamani achukue 2023.3.4 na abaki hapo. Unapofungua faili uliyopakua, programu inaanza kuongea papo hapo (punguza sauti kwanza kama uko ofisini) na inakupa njia mbili za maana: kuisakinisha, au kutengeneza nakala ya kubebeka ya kuweka kwenye flashi. Ukisakinisha, ondoa alama kwenye kisanduku cha kuitumia wakati wa kuingia Windows, maana huwa imewekwa tayari; usipoiondoa, kesho asubuhi kompyuta itakusalimia kabla hujaandika neno la siri. Kuanzia hapo Ctrl+Alt+N inaiwasha na Insert+Q inaizima. Insert ndiyo kitufe cha NVDA: popote palipoandikwa NVDA+ hapa chini, ndiyo unayoshikilia. Kwa laptopu isiyo na Insert ya karibu, ruhusu Caps Lock ifanye kazi hiyo. Dirisha la kwanza la makaribisho lina kisanduku chake.

Sauti sasa. Kwenye Windows 10 na 11, NVDA huanza na sauti za Windows zenyewe, na hizo hazitakusaidia kwa Kiswahili. Bonyeza NVDA+Ctrl+S, chagua eSpeak NG, halafu kwenye mipangilio ya usemi chagua sauti ya Swahili. Usitarajie utamu. eSpeak ni sauti ya mashine, kavu, inasikika kama redio ya zamani iliyowekwa ndani ya debe. Lakini inajua kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, inasoma tarakimu kwa Kiswahili, na haihitaji intaneti. Inavumilia pia kuongezwa kasi sana bila maneno kupotea, na ndiyo maana watumiaji wazoefu wengi hawaioni mbaya kama sisi wageni tunavyoiona. Sauti nzuri za Kiswahili zipo, mfano Rehema na Daudi wanaosoma kwa sauti ndani ya Edge, ila kule zinasoma makala tu. Hazikwambii kwamba hapa kuna kitufe, pale kuna kisanduku kisicho na jina.

Jambo moja litakuchekesha mwanzoni. Majina ya vitu, kama "button", "link" na "heading", yanatoka kwenye lugha ya programu, si lugha ya ukurasa. Ukiacha menyu za NVDA kwa Kiingereza huku sauti ni ya Kiswahili, utasikia "he-a-ding" na "le-vel", halafu namba inatajwa "mbili". Sikio linazoea ndani ya siku moja. Ukitaka kukwepa kabisa, fungua menyu kwa NVDA+N, nenda Tools, washa Speech Viewer: kila kinachosemwa kinaandikwa kwenye kidirisha. Kwa mtu anayeona, hiki ndicho kipengele bora kuliko vyote humu. Ctrl inanyamazisha sauti wakati wowote, na NVDA+S inabadilisha hali ya usemi hadi uizime kabisa ubaki na maandishi tu. Kwenye mipangilio ya Vision kuna pia Visual Highlight, inayochora mstari kuzunguka kitu kinachosomwa. Usipime bila hiyo, la sivyo utapotea.

Turudi kwenye "pole" iliyogeuka mlingoti, maana hapo ndipo NVDA inapolipa gharama ya muda wako. Kila ukurasa una sifa ya lugha kwenye tagi ya kwanza kabisa: lang="sw" kwa Kiswahili. NVDA inaisoma na kubadilisha matamshi yenyewe. Tovuti nyingi za Kiswahili zinatangaza lang="en" au "en-US", na sababu ni ya kawaida mno: WordPress iliachwa kwenye Kiingereza cha Marekani ilivyokuja, au kiolezo kilinunuliwa na tagi ya juu haikuguswa. Vipimo vya mashine havilioni kosa hili. Lighthouse, axe na WAVE vinaangalia kama sifa ya lugha ipo na kama msimbo wake ni halali. "en-US" ni halali. Kwamba maandishi yaliyo chini yake ni Kiswahili, hilo linahitaji sikio.

Kurekebisha ni dakika mbili. Kwenye WordPress, nenda Settings, General, kisha Site Language, chagua Kiswahili. Wahariri waliozoea menyu za Kiingereza wasipige kelele: kila mmoja anaweza kurudisha lugha ya dashibodi yake kwenye Profile bila kugusa tovuti. Kama kiolezo kimeandikwa kwa mkono, badilisha tagi ya html moja kwa moja, halafu hakikisha kwa Ctrl+U kwamba kilichofika kwenye kivinjari ndicho ulichoandika, kwa sababu programu-jalizi za kuhifadhi kurasa hupenda kuendelea kutoa ukurasa wa jana. Kwa WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, lugha ya ukurasa ni sharti la ngazi A, ya chini kabisa. Lugha ya vipande ndani ya ukurasa ni ngazi AA. Maana yake, aya nzima ya Kiingereza ndani ya ukurasa wa Kiswahili ipewe lang="en". Neno moja moja usihangaike nalo. "Password" ikisomwa kwa matamshi ya Kiswahili inasikika vibaya, lakini dawa yake si tagi, ni kuandika "neno la siri".

Baada ya lugha, pima fomu. Hapa twende polepole, kwa sababu fomu ndiyo inayomwangusha mtu: makala mbovu unaweza kuiacha, fomu ya maombi ya chuo au ya bima huwezi.

Weka kasa (cursor, alama ya mahali ulipo) mwanzoni mwa ukurasa na bonyeza F. Kila ubonyezo unakupeleka kwenye kisanduku kinachofuata. Ukiingia ndani ya kisanduku kwa Tab utasikia mlio mfupi: NVDA imehama kutoka hali ya kusoma kwenda hali ya kuandika, na kuanzia hapo herufi F inaandika f tu. Esc au NVDA+Space inakurudisha. Wengi wanaoijaribu mara ya kwanza wanakwama hapa na kudhani programu imeharibika.

Sasa angalia Speech Viewer. Kwenye fomu mbovu inaandika:

edit  blank

Basi. Kisanduku cha kuandikia, kitupu. Juu yake kwenye skrini kuna maneno "Namba ya simu", yanaonekana vizuri, ila yameandikwa kama aya ya kawaida iliyokaa jirani. Ujirani huo NVDA haiutambui. Ukiyageuza kuwa lebo, yaani <label for="simu"> juu na id="simu" kwenye kisanduku, pamoja na required na autocomplete="tel", mstari unabadilika:

Namba ya simu  edit  required  blank

Ukiona umeweka lebo na bado inasema "edit blank", tafuta id mbili zenye jina moja. Hutokea sana pale fomu ileile imewekwa mara mbili, moja kwenye ukurasa na nyingine kwenye dirisha linaloruka: lebo zote mbili zinashika kisanduku cha kwanza, cha pili kinabaki yatima.

Kuna mtego mwingine, na huu NVDA yenyewe inaweza kukudanganya. Maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku, yale yanayofutika ukianza kuandika, mara nyingi yanasomwa kama jina la kisanduku pale lebo inapokosekana. Utasikia "Namba ya simu" na kudhani umefaulu. Hujafaulu. Mtu mwenye uoni hafifu aliyekuza skrini, au mwenye tatizo la kumbukumbu, akishaandika tarakimu tatu hana tena njia ya kujua kisanduku kilitaka nini. Weka lebo ya kweli, inayobaki.

Tuma fomu ikiwa na kosa makusudi. Maandishi mekundu yanatokea juu: "Namba si sahihi". NVDA kimya. Mtu asiyeona anabaki akibonyeza "Tuma" mara nne, akidhani mtandao umekatika. Njia inayofanya kazi: weka sanduku tupu lenye role="alert" tangu ukurasa unapofunguka, ulijaze maneno kosa linapotokea; weka aria-invalid="true" kwenye kisanduku chenye kosa; unganisha ujumbe na kisanduku kwa aria-describedby; kisha peleka kasa kwenye kisanduku cha kwanza chenye kosa. Ukijaribu tena utasikia kosa, jina la kisanduku, "invalid entry", na maelezo, kwa mfuatano huo unaoeleweka.

Visanduku sita vya msimbo wa SMS ni kero ya peke yake. Mbunifu anavipenda, NVDA inasema "edit blank" mara sita, na ukikosea tarakimu ya tatu kurudi nyuma ni kazi ya mkono na dua. Kisanduku kimoja chenye inputmode="numeric" na autocomplete="one-time-code" kinatosha, na simu nyingi zinaweza kupendekeza msimbo zenyewe.

Orodha za mikoa zina kisa chake. Tanzania ina mikoa 31, Kenya kaunti 47. Kwenye orodha ya asili ya kivinjari, yaani select, mtu anaandika "mo" na kutua Morogoro. Kwenye orodha iliyochongwa kwa div, tagi isiyo na maana yake yenyewe, ili ipendeze, NVDA inasema "clickable" kisha inanyamaza: haisemi ni orodha, haisemi imefunguka, haisemi iko kwenye ngapi kati ya ngapi. Inaweza kutengenezwa ikafaa, ila ni kazi ya siku kadhaa za ARIA (zile sifa za msimbo kama role na aria-invalid, zinazoiambia programu ya kusoma skrini kitu ni nini) na JavaScript kupata kile ambacho select inakupa bure. Na select yenyewe usiifunge na amri ya kuhamisha ukurasa pale chaguo linapobadilika. Mtumiaji wa kibodi akigusa kishale cha chini mara moja anajikuta amepelekwa Arusha.

Neno hilo "clickable" litazame kwa shaka kila unapolisikia. Linamaanisha mtu ameweka amri ya kubofya juu ya kitu ambacho si kitufe wala kiungo. Hatari ni kwamba ukibonyeza Enter juu yake, NVDA inabofya kwa niaba yako na kitu kinafanya kazi. Ukaguzi unapita. Zima NVDA, jaribu kukifikia kwa Tab peke yake: hufiki. Mtu anayeona lakini hawezi kushika mausi, kwa mfano mwenye mikono inayotetemeka anayetumia kibodi tu, amefungiwa nje. Kwa hiyo kila fomu ipimwe mara mbili, na NVDA na bila NVDA, na mara ya pili angalia pia kama alama ya mahali ulipo inaonekana. Violezo vingi vinaifuta kwa outline: none ili kufurahisha macho.

Upande wa kusoma, NVDA ni nyepesi. H inakupeleka kwenye vichwa vya habari, 1 hadi 6 kwa ngazi yake, D kwenye sehemu kuu za ukurasa, T kwenye majedwali, G kwenye picha, na NVDA+F7 inatoa orodha ya viungo vyote. Ukifungua orodha hiyo ukakuta "Soma zaidi" mara kumi na mbili, huhitaji maelezo. Vivyo hivyo "Bonyeza hapa".

Picha zina ugonjwa wetu wa nyumbani. Tangazo limetengenezwa kama bango, likapita WhatsApp, likapandishwa kwenye tovuti na kugeuzwa kiungo. Bila alt, yaani maelezo ya picha kwa maandishi ndani ya msimbo, NVDA haina la kusema isipokuwa jina la faili, na unasikia "IMG", msururu wa tarakimu za tarehe, kisha "WA0007". Tarehe ya mwisho ya maombi, ada, mahali pa mahojiano, vyote vimo ndani ya picha. Alt ya maneno mawili, "Tangazo muhimu", haiponyi. Bango lenye mistari ishirini linahitaji mistari hiyo iandikwe chini yake kama maandishi ya kawaida, na alt itaje tu bango ni la nini. PDF iliyopigwa skani ni ugonjwa uleule ukiwa umevaa suti. Mtumiaji anaweza kujiokoa kwa NVDA+R, inayosoma herufi ndani ya picha kwa uwezo wa Windows, lakini majedwali huvurugika, na si haki kumwachia msomaji kazi ya mchapishaji.

Isiyoyaona NVDA ni mengi. Haijui rangi. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe kina uwiano wa 2.85 kwa 1, wakati WCAG inadai angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. #767676 ndiyo inayovuka mstari kwa chupuchupu. Kosa hili ndilo linaloongoza: WebAIM, shirika la ufikivu wa tovuti, ilipopima kurasa za mwanzo milioni moja mwaka 2024, 81% zilikuwa na maandishi hafifu, na 95.9% zilikuwa na angalau kosa moja linalogundulika kwa mashine. Kwa hilo tumia WAVE, hailipiwi na inachukua dakika moja. NVDA haijui kama video ina manukuu kwa viziwi, haijui kama ukurasa unavunjika ukikuzwa 400%, wala kama kitufe ni kidogo kuliko pikseli 24 kwa 24 zilizowekwa na WCAG 2.2 ya Oktoba 2023.

Na haiko kwenye simu. Kwa wasomaji wetu huo ndio upungufu mkubwa kuliko yote, kwa sababu wengi wanaingia kwa Android. Huko pima kwa TalkBack: shikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde tatu, telezesha kidole kulia kwenda kitu kinachofuata, gusa mara mbili kufungua. Injini ya sauti ya Google ina Kiswahili, na ni laini kuliko eSpeak. Anza na NVDA kwa sababu Speech Viewer inakuonyesha kosa kwa maandishi, kisha thibitisha kwenye simu.

Kuna watakaokwambia usihangaike, weka mstari mmoja wa msimbo na kidude cha pembeni chenye alama ya mtu kitaitengeneza tovuti yote. Januari 2025, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza amri ya kuitoza accessiBe, kampuni inayouza kidude cha namna hiyo, dola milioni 1 kwa kudai kidude chake kinaweza kuifanya tovuti yoyote itimize WCAG. Kidude cha aina hiyo hakiwezi kujua "Tangazo muhimu" lilikuwa linasema nini.

Muda wa kujifunza: siku moja kwa amri kumi za msingi, wiki moja kabla hujaacha kupotea kati ya hali ya kusoma na ya kuandika. Ukaguzi wa fomu ya visanduku kumi na tano, ukiwa umezoea, hauzidi nusu saa. Na ukimaliza, maandishi ya Speech Viewer yananakilika: chagua, Ctrl+C, bandika kwenye ripoti ya makabidhiano, ya kabla juu na ya baada chini. Mteja asiyejua ARIA ni nini anaelewa mara moja tofauti ya "edit blank" na "Namba ya simu edit required".